Kutoka Vikombe hadi Gramu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kikombe kimoja ni gramu ngapi?

Kikombe cha nini? Bila kujua hilo, swali halijibiki. Kikombe hupima nafasi, gramu hupima uzito wa kile kilichoijaza nafasi hiyo. Chukua kikombe kimoja cha mililita 237. Ukikijaza asali, umepata gramu 336 hivi. Maji, 237. Sukari nyeupe, 200. Unga wa ngano, 120. Kakao ya unga, 85 tu. Kikombe hakijabadilika, lakini asali imekaribia kuwa na uzito mara nne ya kakao.

Kwa hiyo ukikuta jedwali linalosema "kikombe 1 = gramu 250" na halitaji kiungo chochote, jua linazungumzia maji, tena ya kikombe cha aina moja tu. Liache.

Basi nitumie hesabu gani?

Zidisha ujazo kwa uzito wa mililita moja ya kiungo husika. Darasani hiyo huitwa densiti. Jikoni inatosha kujua mililita 100 za kitu fulani zina gramu ngapi, na namba hizo ni rahisi kushika kichwani kuliko desimali:

- Maji: 100
- Maziwa na mtindi: 103
- Mafuta ya kupikia: 92
- Siagi: 96
- Asali: 142
- Siagi ya karanga: 110
- Sukari nyeupe ya kawaida: 85
- Sukari ya kahawia iliyoshindiliwa: 90 hadi 93
- Sukari ya unga, ile ya kupambia keki: 48 hadi 50
- Unga wa ngano uliojazwa kwa kijiko: 51
- Unga wa mahindi: 60 hadi 65
- Wanga wa mahindi: 50
- Kakao ya unga: 35
- Oti bapa: 38 hadi 42
- Nazi kavu iliyosagwa: 36 hadi 39
- Mchele mkavu: 80 hadi 83
- Chumvi laini ya mezani: 120

Nimeandika kwa mililita 100 badala ya kikombe kwa makusudi, maana vikombe vyenyewe havikubaliani, kama utakavyoona hapa chini. Ukishajua kikombe cha resipi yako kina mililita ngapi, kazi imekwisha. Sukari kwenye kikombe cha mililita 250: 85 × 2.5, yaani gramu 212. Kwenye kikombe cha mililita 200: 170.

Pale nilipoweka namba mbili, si uvivu. Vitu hivyo hubadilika kulingana na jinsi vilivyosagwa na jinsi ulivyovimimina, na namba moja yenye desimali mbili ingekuwa ya uongo.

Kumbe kuna vikombe vya aina nyingi?

Vingi mno. Kikombe cha Marekani ni mililita 236.6, ingawa kwenye maelezo ya lishe ya pakiti za nchi hiyo hukadiriwa kuwa 240. Australia na New Zealand hutumia 250. Resipi za zamani za Uingereza zikitaja kikombe, mara nyingi ni nusu painti ya kwao, mililita 284. Japani kikombe ni 200, halafu kile kidogo kinachokuja na jiko la umeme la kupikia wali ni 180. Hicho cha mwisho huwakoroga wengi: kinabeba gramu 150 za mchele, si 200.

Tofauti ya 237 na 250 ni kama asilimia 5 na nusu, nayo kwenye keki unaweza kuisamehe. Tofauti ya 180 na 284 huwezi kuisamehe.

Nitajuaje resipi yangu imekusudia kikombe kipi?

Tafuta dalili. Joto la oveni likiandikwa kwa Farenhaiti na siagi ikihesabiwa kwa vipande vya gramu 113, ni ya Marekani. Ikitaja kijiko kikubwa cha mililita 20, ni ya Australia. Ikiwa mwandishi ametoa gramu hata kwa kiungo kimoja tu, umepata ufunguo wa vyote: akisema sukari "kikombe 1, gramu 200", kikombe chake ni 237, akisema 210 au 215, ni 250.

Usipopata dalili yoyote, chagua kikombe kimoja na ukishike toka mwanzo hadi mwisho. Resipi iliyoandikwa yote kwa vikombe ni uwiano; kikombe kikikua, kila kitu kinakua pamoja. Kinachoharibu ni vile visivyopimwa kwa kikombe: mayai, kopo la maziwa, pakiti ya hamira. Hivyo havikui. Resipi yenye mayai manne ndiyo inayohitaji uhakika wa kikombe, kuliko ile isiyo na yai.

Na vijiko je?

Kijiko cha chai ni mililita 5 karibu kila mahali. Kijiko kikubwa, cha kulia chakula, ni mililita 15 isipokuwa Australia, ambako ni 20. Tofauti ya theluthi si ndogo ukiwa unapima beking pauda.

Tahadhari kubwa ni hii: vijiko unavyolia chakula si vipimo. Vimechongwa vitoshe mdomoni na vipendeze mezani, na ujazo wake hutofautiana seti kwa seti. Tumia vijiko vya kupimia, tena viwe vya mfuto, vimesawazishwa juu kwa kisu. Kijiko chenye kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kile cha mfuto.

Kwa nini unga unaleta shida kuliko vitu vingine?

Kwa sababu unga ni punje pamoja na hewa, na hewa hiyo haikai kiasi kimoja. Unga uliokaa chini ya mwenzake ndani ya mfuko umejibana. Ukiutikisa, unalegea. Ukiuchota kwa kuzamisha kikombe mfukoni, ukingo wa kikombe unausukuma na kuushindilia humohumo.

Weka kikombe cha Marekani juu ya mizani na ujaribu njia tatu. Kwanza chekecha unga uangukie ndani yake wenyewe, kisha pitisha mgongo wa kisu juu: utasoma karibu na gramu 100 hadi 115. Pili, koroga unga kwenye chombo chake ulegee, uuteke kwa kijiko na kuumimina kikombeni bila kugongagonga, halafu usawazishe: 120 hadi 125. Tatu, zamisha kikombe moja kwa moja ndani ya unga, uukwangue juu: 140 hadi 150, na mwenye mkono mzito hupita hapo.

Sasa fikiria resipi ya vikombe viwili na robo. Kwa njia ya pili ni gramu 270. Kwa njia ya tatu, tukichukua 145 kwa kikombe, ni 326. Umeongeza gramu 56, karibu nusu kikombe, bila kujua, na hukukosea kuhesabu vikombe. Ndipo keki inatoka kavu, inapasuka juu, nawe unalaumu oveni.

Kama utapima kitu kimoja tu kwa mizani maishani mwako, na kiwe unga.

Resipi haisemi unga ujazwe vipi. Nichukue namba gani?

Chukua gramu 120 kwa kikombe cha Marekani, au 125 hadi 130 kwa kikombe cha mililita 250. Kisha angalia mchanganyiko kabla ya kuoka. Ukiwa mwepesi kuliko maelezo yanavyosema, huenda mwandishi ni wa kuzamisha kikombe. Ongeza kijiko kikubwa kimoja kimoja, ambacho ni gramu 8 hivi. Nimeshauri kuanzia chini kwa sababu unga huongezwa kwa urahisi, lakini haujawahi kutolewa kwenye rojo.

"Kikombe kimoja cha unga uliochekechwa" na "kikombe kimoja cha unga, kisha uchekeche" si kitu kimoja?

Hapana. La kwanza: chekecha, halafu pima. La pili: pima, halafu chekecha. Tofauti ni gramu kati ya 10 na 20 kwa kikombe. Ukiwa na gramu, mkanganyiko wote unakufa, kwa kuwa gramu 120 za unga ni gramu 120 hata ukizichekecha mara saba.

Mtego huohuo upo kwenye njugu, jibini na matunda. Kikombe cha lozi nzima kina gramu kama 140. Kikombe cha lozi zilizosagwa, 95 hadi 100. Soma neno "zilizokatwa" limekaa wapi kwenye sentensi kabla hujashika kisu.

Sukari ya kahawia "iliyoshindiliwa" maana yake nini hasa?

Ibonyeze kwenye kikombe kwa mgongo wa kijiko mpaka, ukikipindua, itoke imesimama na umbo la kikombe. Hapo utapata gramu 213 hadi 220 kwa kikombe cha Marekani. Isiposhindiliwa inaweza kushuka hadi 150 na kidogo, maana ina unyevu na hushikana ikiacha mapengo.

Sukari nyeupe haina visa hivyo. Punje zake zinateleza na kujipanga zenyewe, ndiyo maana gramu 200 kwa kikombe ni namba ya kuaminika karibu kila unapoikuta. Sukari ya unga ni suala jingine. Hiyo ichukulie kama unga.

Vimiminika navyo vina haja ya kupimwa kwa mizani?

Haja, hapana. Kimiminika hakishindiliki, kwa hiyo jagi lenye mistari linatosha, mradi uliweke mahali palipo sawa na uinamishe macho yawe usawa wa mstari. Kuinua jagi mkononi na kuliangalia kwa juu ndiko kunakopoteza watu.

Hata hivyo mimi hupima maziwa na mafuta kwa mizani, kwa sababu ya vyombo. Bakuli liko tayari juu ya mizani. Namimina humo, jagi halichafuki. Maji na maziwa unaweza kuyahesabu gramu moja kwa mililita moja bila kujali. Kwenye maziwa unakosea asilimia 3 tu. Kwenye mafuta kumbuka 92: mililita 250 za mafuta ni gramu 230.

Mizani yangu ina kitufe cha kubadili kutoka gramu kwenda mililita. Si kinanifanyia hesabu yote?

Kinafanya hesabu ya maji, na mizani nyingine huongeza ya maziwa. Mizani haioni kilichomo bakulini. Ukimimina mafuta mpaka iandike "100 ml", kwa kweli umemimina gramu 100, ambazo ni karibu mililita 109. Kwa asali ni kinyume: "100 ml" yake ni mililita 70. Iache kwenye gramu siku zote.

Wakia kwenye resipi za Kimarekani ni uzito au ujazo?

Zote mbili, ndiyo balaa yake. Wakia ya uzito ni gramu 28.35, na ratili moja ina wakia 16, sawa na gramu 453.6. Wakia ya kimiminika ni ujazo: mililita 29.6 kwa Marekani na 28.4 kwa Uingereza. Kwa maji hizo mbili zinakaribiana kiasi kwamba hakuna anayeona tofauti, na hapo ndipo watu huanza kudhani ni kitu kimoja. Chukua asali: wakia 8 za kimiminika zina uzito wa wakia 12.

Kanuni ya kufaa ni kwamba kitu kikavu au kigumu, kama unga, chokoleti, jibini na nyama, wakia zake ni za uzito. Maji, maziwa na maji ya matunda ni za ujazo. Kwenye kopo soma lebo. Mara nyingi gramu zimeandikwa palepale, nawe hutahitaji kukisia.

Painti nazo zina ugomvi wao. Ya Marekani ni mililita 473, ya Uingereza 568.

Siagi ngumu naipimaje ikiwa imeandikwa kwa vikombe?

Usiipime kwa vikombe. Kuishindilia kwenye kikombe ni kazi ya kuudhi na huacha mapango ya hewa chini. Kikombe cha Marekani ni gramu 227, nusu yake 113, kijiko kikubwa 14. Kata kutoka kwenye kipande, weka juu ya mizani, punguza au ongeza.

Kama huna mizani, iko njia ya zamani ya maji. Unataka nusu kikombe cha siagi: jaza jagi maji baridi mpaka nusu kikombe, kisha tumbukiza vipande vya siagi, ukivizamisha kwa ncha ya uma, mpaka maji yafike alama ya kikombe kimoja. Mwaga maji, kausha siagi.

Na asali, siagi ya karanga, vitu vinavyonata?

Hapa mizani inakuokoa kuliko mahali pengine popote. Weka mtungi wenyewe wa asali juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri (kwenye mizani nyingi kimeandikwa TARE), kisha chota na kutia bakulini. Mizani itaonyesha namba hasi. Ikifika −85, umetoa gramu 85 kamili, hakuna kikombe cha kukwangua, na iliyobaki kwenye kijiko unairudisha mtunguni ihesabiwe humohumo.

Njia hii ya kutoa badala ya kutia inafaa pia ukiogopa kuzidisha. Asali ikishamwagika juu ya unga huitoi tena.

Kijiko cha chai cha chumvi ni gramu ngapi?

Chumvi laini ya mezani ni gramu 6. Chumvi ya mawe au ya vipande vipana ina mapengo mengi kati ya punje, na kijiko kilekile kinaweza kubeba gramu 3 tu, au 5, kutegemea imetengenezwaje. Kwa hiyo resipi inayosema "vijiko viwili vya chumvi ya punje kubwa", ukiifuata kwa chumvi laini, unaweza kuwa umetia mara mbili ya kilichokusudiwa, na hakuna dawa ya mkate wenye chumvi kupita kiasi. Kwa uzito, chumvi zote ni sawa: gramu 10 ni gramu 10.

Hamira na beking pauda nizipime kwa mizani pia?

Inategemea mizani. Ile inayoonyesha gramu nzima nzima, ikikuandikia 3, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 2.5 na 3.5. Hilo ni kosa la moja ya sita, na kijiko cha kupimia cha mfuto hufanya vizuri zaidi. Kwa viwango hivyo vidogo tumia kijiko, au tafuta mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Namba zenyewe kwa kijiko cha chai: hamira kavu ya punje, gramu 3 hivi; beking pauda, 4 hadi 5; mdalasini wa unga, 2.6. Kipakiti kidogo cha hamira cha gramu 7 ni vijiko vya chai viwili na robo. Ikiwa resipi inataka hamira mbichi ya kipande nawe unayo kavu ya papo kwa papo, gawa uzito kwa tatu.

Yai lina gramu ngapi?

Yai kubwa la kuku bila ganda hukadiriwa gramu 50: ute mweupe 30 na zaidi kidogo, kiini 18 hadi 20. Lakini mayai hayasomi majedwali. Resipi ikitaka mayai manne na yako ni madogo, vunja, piga, pima mpaka 200. Na ukitaka kupika nusu ya resipi yenye yai moja, piga yai kisha mimina gramu 25.

Mchele wa kikombe kimoja, mbichi au uliopikwa?

Resipi isiposema, ni mbichi. Isipokuwa pale wali unapoingia mwishoni kama kitu kilichokwisha kuiva.

Kiungo changu hakimo kwenye orodha yoyote. Nifanyeje?

Tengeneza namba yako. Kwanza hakiki kikombe: kiweke juu ya mizani, rudisha sifuri, kijaze maji ya kawaida hadi ukingoni au hadi mstari wake. Gramu utakazosoma ndizo mililita zake. Si kubahatisha: Wafaransa walipoitunga gramu mwaka 1795, waliifafanua kuwa uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji, na uhusiano huo bado unatosha kabisa jikoni. Usitumie maji yaliyotoka kuchemka, kwa kuwa yametanuka na kikombe kitasoma pungufu kwa asilimia 4 hivi.

Kausha kikombe vizuri. Jaza kiungo chako kwa namna ileile utakayokijaza siku zote, sawazisha, pima. Rudia mara tatu. Tuseme umepata 118, 126 na 121: jumla 365, gawa kwa tatu, andika 122. Iandike kwa kalamu juu ya chombo cha kiungo hicho, si kwenye karatasi itakayopotea. Namba tatu zikipishana sana, mfano 110 na 140, tatizo ni mkono wako, na wastani hautalitibu. Rekebisha namna ya kujaza kwanza.

Wakati mwingine pakiti imekwisha kukufanyia kazi. Sehemu ya lishe ikisema mlo mmoja ni "robo kikombe, gramu 30", kikombe ni 120.

Kwa nini vikokotoo viwili vya mtandaoni vinanipa majibu tofauti?

Kimoja kimechukua kikombe cha 237, kingine 250. Au kimoja kimechukua unga uliomiminwa, kingine uliochotwa. Kisichosema kimechukua kipi hakina faida kwako hata kikiwa na desimali nne.

Nionyeshe resipi nzima ikibadilishwa.

Haya. Keki ya kawaida kwa vikombe vya Marekani: unga vikombe 2½, sukari kikombe 1½, mafuta ¾, maziwa kikombe 1, mayai 3, beking pauda vijiko vya chai 3, chumvi nusu kijiko cha chai.

Unga: 2.5 × 120 = 300. Sukari: 1.5 × 200 = 300. Mafuta: kikombe kizima ni 218, robo tatu ni 163, andika 165. Maziwa: 244, andika 245. Mayai: 150. Beking pauda na chumvi viache kwenye vijiko.

Nimezungusha mafuta na maziwa kwenye 5 iliyo karibu. Hakuna keki inayojua tofauti ya gramu 163 na 165. Usizungushe hamira wala chumvi namna hiyo.

Kisha angalia namba zinakwambia nini. Unga na sukari zimelingana, jambo ambalo "vikombe viwili na nusu" na "kimoja na nusu" vilikuwa vimelificha. Sasa unajua ni keki tamu kweli, na ukitaka kupunguza sukari hadi 240 unajua umepunguza sehemu moja ya tano.

Je, nikitaka kupika mara moja na nusu, au nusu?

Zidisha kila gramu. Ukishahama kwenye vikombe, 300 inakuwa 450, na hutahangaika na robo tatu ya theluthi mbili ya kikombe.

Waoka mikate huenda mbali zaidi. Wao huuita unga asilimia 100 na kutaja vingine vyote kulingana nao: maji 65, chumvi 2, hamira kavu 1. Una gramu 500 za unga? Maji 325, chumvi 10, hamira 5. Una 820? Maji 533, chumvi 16, hamira 8. Mfumo huu hauwezekani kwa vikombe, na ukiuzoea utaanza kuona resipi mbovu kabla hujaiwasha oveni: ukikuta mkate wenye chumvi asilimia 4, kuna mtu amekosea kuandika.

Nitafute mizani ya namna gani?

Ya kidijitali, inayosoma gramu moja moja, inayobeba angalau kilo tano. Watu husahau kwamba bakuli zito peke yake linaweza kuwa na kilo moja na nusu. Kioo cha namba kisifunikwe na bakuli pana. Kitufe cha sifuri kiwe cha kubonyezeka hata kwa kidole chenye unga.

Ihakiki mara moja moja kwa kitu cha uzito unaojulikana, au kwa maji yaliyopimwa kwenye jagi unaloliamini. Iweke juu ya meza ngumu. Juu ya kitambaa kinene husoma vibaya.

Namimina hamira polepole na namba haisogei. Imeharibika?

Si lazima. Mizani nyingi hujirekebisha zenyewe ili sifuri isitangetange, na mtiririko mwembamba sana huuchukulia kama mtetemo wa kupuuzwa. Inua bakuli na ulirudishe, au pima hamira kwenye kisahani pembeni na kuitia kwa mkupuo.

Je, kila kitu nipime kwa gramu kuanzia sasa?

Hapana jamani. Mchuzi, supu, kachumbari, viungo vya kukaangia vitunguu: hivyo ulimi ndio mizani, kwa kuwa unaonja na kurekebisha njiani. Kuoka ndiko kusikokupa nafasi hiyo, kwani ukishafunga mlango wa oveni hesabu imefungwa. Majani ya kotimiri kupimwa kwa gramu ni kujitesa.

Hata vikombe vina heshima yake. Kabla yake resipi ziliandika mambo kama "siagi kiasi cha yai". Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, Marekani, kwenye kitabu chake cha mwaka 1896, ndiye aliyesisitiza vikombe na vijiko visawazishwe juu, na kwa wakati wake hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Nimepima kila kitu kwa gramu, na bado donge langu la unga ni gumu kuliko la resipi. Kwa nini?

Unga huvuta na kupoteza unyevu kulingana na hewa ya mahali ulipowekwa, na unga wenye protini nyingi hunywa maji zaidi ya ule laini wa keki. Mizani haivioni vitu hivyo viwili. Unapokanda mkate kwa unga mgeni kwako, zuia gramu 20 au 30 za maji, kanda dakika chache, kisha ziongeze kidogo kidogo mpaka donge liwe laini unavyotaka. Pima maji yaliyobaki kwenye jagi, toa kwenye jumla, na uandike kiasi ulichotumia kando ya jina la unga huo.